KING'ORA CHA MOTO NA USINGIZI WA JIRANI

Wahenga walisema, "La mgambo likilia lina jambo." Maana yake ni kwamba baragumu la kijiji halipigwi hovyo. Likilia, watu huacha jembe, huacha chungu jikoni, hutoka nje na kuuliza, "Kuna nini?" Lakini je, kama likilia kila siku, na kila siku hakuna jambo, itakuwaje? Hilo ndilo somo letu la leo.

Katika somo hili tutajifunza mambo manne:

1. Kwa nini king'ora cha hatari huleta ugomvi kati ya majirani.
2. Sauti husafiri namna gani katika mabonde kama yetu ya Mlalo.
3. Mambo yaliyowapata watu wa nchi nyingine kwa sababu ya ving'ora.
4. Namna ya kufanya mapatano ya kijiji, ili watu walale na moto usiwakute wamelala.

Soma polepole. Ukimaliza, msomee na jirani ambaye hajajua kusoma.

UGOMVI HUANZA HIVI

Miji mikubwa ina vituo vya zimamoto. Magari ya zimamoto yana ving'ora, na kituo chenyewe huweza kuwa na king'ora cha kuwaita askari. Watu wanaokaa jirani na vituo hivyo hulalamika. Wanasema, "Watoto hawalali, wagonjwa wanashtuka." Askari nao hujibu, "Tukizima king'ora, nani atatupisha njia?" Kila upande una haki yake.

Huku kwetu milimani mambo ni tofauti kidogo. Gari la zimamoto likiitwa, lina barabara ya kona nyingi ya kupanda. Kabla halijafika, nyumba inaweza kuwa majivu. Kwa hiyo zimamoto wa kwanza wa kijiji ni jirani mwenye ndoo, mwenye mchanga, mwenye panga la kukata njia ya moto. Ili jirani huyo aje, lazima aitwe. Zamani aliitwa kwa yowe, kwa ngoma au kwa baragumu. Siku hizi anaitwa pia kwa kengele, kwa spika au kwa king'ora cha umeme.

Sasa chukua mfano huu. Si habari ya kijiji fulani. Ni mfano wa kujifunzia tu.

Kijiji kimenunua king'ora na kukifunga juu ya paa la ofisi. Chini ya ofisi, hatua chache tu, anakaa mama mwenye mtoto mchanga. Siku moja asubuhi anamwendea mzee wa kamati ya ulinzi. Wanazungumza:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, baba, ila usingizi hatuna."

"Kulikoni?"

"Si kile king'ora! Jana kimelia saa nane usiku. Nimetoka mbio, mtoto mgongoni, miguu mitupu, na umande ule. Kumbe vijana wanajaribu betri."

"Sasa mwanangu, unataka tukiondoe? Moto ukitokea je?"

"Sikusema kiondolewe, baba. Nyumba yangu ni ya miti na udongo. Ikishika moto, wa kwanza kukitafuta hicho king'ora ni mimi. Ninachotaka ni kujua kinalia kwa nini. Wiki hii kimelia mara nne. Mara ya kwanza ni mkutano, mara ya pili ng'ombe kapotea, mara ya tatu ni mchezo wa watoto, mara ya nne ni betri. Siku ya moto wenyewe nitajifunika blanketi nilale."

Mzee akanyamaza. Kisha akasema, "Hapo umesema neno."

Ndugu msomaji, hebu rudia maneno ya mwisho ya yule mama. Watu wengi hudhani kwamba ugomvi wa king'ora ni kati ya wanaojali usalama na wanaojali usingizi. Sivyo. Mama huyu anajali vyote viwili. King'ora kinacholia ovyo hakimwibii usingizi tu. Kinamwibia na usalama, kwa sababu kinamfundisha kutokisikiliza.

Angalia sauti nyingine za kijijini. Kengele ya kanisa hulia, adhana husikika alfajiri, kengele ya shule hugongwa. Kila mtu anajua maana yake na saa yake. Kengele ya shule haimkimbizi mtu na ndoo ya maji, kwa maana hata mtoto wa darasa la kwanza anajua inasema nini. Basi hata king'ora cha moto lazima kiwe na maana moja inayojulikana na wote.

SAUTI HUSAFIRI NAMNA GANI

Sauti husafiri hewani. Mwendo wake ni kama mita 340 kwa sekunde moja. Maana yake, sauti huchukua karibu sekunde 3 kwenda kilometa 1. Mtu akipiga baragumu ng'ambo ya bonde, utamwona analipandisha mdomoni kwanza, kisha ndipo utasikia.

Mlalo ni bonde lililozungukwa na milima. Sauti ikigonga mlima hurudi. Sauti inayorudi huitwa mwangwi. Ndiyo sababu mtu anayeita upande mmoja husikika kama yuko upande mwingine. Kwa habari ya moto, jambo hili ni la hatari. Watu wanaweza kukimbilia mlima usio wenyewe. Kwa hiyo king'ora peke yake hakitoshi. Lazima pia kuwe na njia ya kusema moto uko wapi.

Tena kuna jambo la usiku. Mchana ardhi huwa na joto, na sauti hupinda kwenda juu. Usiku uliotulia, hewa ya baridi hukaa chini bondeni, na hewa yenye joto kidogo hukaa juu yake. Hewa hiyo ya juu huirudisha sauti chini, kama kifuniko cha chungu kinavyozuia mvuke. Ndiyo maana spika ya harusi ambayo mchana huisikii, usiku unaisikia kama iko dirishani kwako. Mwenye spika husema, "Mbona sikuongeza sauti?" Na ni kweli, pengine hakuongeza. Bonde ndilo limemwongezea.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Kwa wafanyakazi, kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku huhesabiwa kuwa ni mpaka wa hatari kwa masikio. King'ora kilicho karibu sana huweza kupita desibeli 100. Kwa hiyo yule mama hakulalamika bure.

Lakini kuna dawa rahisi, nayo ni umbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kama desibeli 6. Tuseme king'ora kina desibeli 100 kwa mtu aliye mita 10. Basi hesabu ni hii:

Mita 10 – desibeli 100
Mita 20 – desibeli 94
Mita 40 – desibeli 88
Mita 80 – desibeli 82

Kupungua kwa desibeli 10 husikika kama sauti imepungua nusu. Kwa hiyo king'ora kikihamishwa kutoka kwenye paa lililo mita 10 na nyumba, kikawekwa juu ya nguzo ndefu mita 80 mbali, mama huyo atapata nafuu kubwa. Na nyumba za ng'ambo wataendelea kukisikia, hasa kama nguzo iko mahali pa juu. Ugomvi mwingine ni wa mahali tu, si wa roho mbaya.

WALIOONDOA VING'ORA

Je, kama ving'ora vinasumbua, si heri kuviondoa kabisa? Tujifunze kwa Wajerumani. Nao wana mabonde yenye vijiji na mito kama sisi.

Baada ya mwaka 1990, hofu ya vita kubwa huko Ulaya ilipungua. Serikali ya Ujerumani ikaacha kuvitunza ving'ora vilivyokuwa juu ya mapaa ya miji na vijiji. Vingi vikang'olewa. Watu walisema, sasa kuna redio na simu, ving'ora vya nini? Tarehe 10 Septemba 2020 ilifanyika siku ya majaribio ya tahadhari nchi nzima. Mambo hayakwenda vizuri. Sehemu nyingi hazikuwa na king'ora tena, na taarifa za simu zilichelewa.

Usiku wa tarehe 14 Julai 2021 kuamkia tarehe 15, mvua kubwa ilijaza mto Ahr. Maji yalipanda haraka sana usiku. Umeme ulikatika, na simu zikakosa mawasiliano. Tahadhari haikuwafikia watu wengi kwa wakati. Katika bonde hilo moja walikufa zaidi ya watu 130. Serikali imetoa fedha ili ving'ora vifungwe tena.

Somo hapa ni wazi. Simu ni nzuri, lakini simu inataka umeme na mnara. Baragumu linataka pumzi tu. Kijiji kisitupe la zamani kwa sababu limekuja jipya.

WALIOKUWA NA VING'ORA VISIPIGWE

Sasa twende Marekani, kwenye visiwa vya Hawaii. Katika kisiwa cha Maui kuna ving'ora vya hatari karibu 80. Tarehe 8 Agosti 2023, moto uliosukumwa na upepo mkali uliuvamia mji wa Lahaina. Ving'ora vyote vilikuwepo. Hakuna hata kimoja kilichopigwa. Watu zaidi ya 100 walikufa.

Kwa nini havikupigwa? Mkuu wa kazi za dharura wa kisiwa hicho alieleza hivi: wakazi wamezoea kwamba king'ora kikilia, maana yake ni mawimbi makubwa ya bahari, na kwamba wakimbilie mlimani. Siku hiyo moto ulikuwa unatoka upande wa mlimani. Aliogopa watu wangeukimbilia moto. Watu wengi hawakuridhika na maelezo hayo. Siku chache baadaye alijiuzulu.

Ndugu msomaji, fikiri vizuri. Si kazi yetu kumhukumu mtu wa mbali. Kazi yetu ni kujiuliza: sisi hapa tuna sauti moja kwa hatari zote? Wakati wa ukavu, moto wa kusafisha shamba huweza kuponyoka na kuingia msituni, hata kwenye msitu mkubwa kama Shagayu. Hapo tunataka watu waende kwenye hatari kuuzima. Lakini wakati wa masika, mvua ikizidi, kilima huweza kuporomoka. Hapo tunataka watu wakimbie hatari, watoke bondeni wapande juu. Kama sauti ni ile ile moja, nusu ya watu wataenda kusiko.

SHERIA INASEMAJE

Serikali imeweka sheria kuhusu kelele. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilitungwa mwaka 2004. Kanuni za kuzuia uchafuzi wa kelele na mitetemo zilitolewa mwaka 2015. Kanuni hizo zinatenganisha mchana na usiku. Kelele inayoruhusiwa usiku ni ndogo kuliko ya mchana, na kelele inayoruhusiwa karibu na hospitali au makazi ni ndogo kuliko ya kiwandani. Kwa hiyo anayefungulia muziki usiku kucha asiseme, "Hapa ni kwangu." Nyumba ni yake, lakini hewa inayobeba sauti ni ya wote.

Barabarani nako, king'ora ni cha magari ya dharura kama zimamoto, polisi na gari la wagonjwa. Kijana wa bodaboda anayefunga honi inayolia kama gari la wagonjwa anadhani ni mapambo. Kumbe anawazoesha watu kutopisha. Siku mama yake akiwa ndani ya gari la wagonjwa, nani atapisha?

Kijiji nacho kina uwezo wake. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, Halmashauri ya Kijiji inaweza kutunga sheria ndogo. Inaipeleka kwanza kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wa watu wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Baada ya hapo inapelekwa Halmashauri ya Wilaya ili ikubaliwe. Kama majirani wamegombana na hawakupatana wenyewe, waende kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha serikali ya kijiji. Kuna pia Baraza la Kata, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1985. Kazi yake kubwa ni kusuluhisha. Lakini kumbuka, hatua ya kwanza ni ile ya yule mama: kwenda mwenyewe, mchana, kwa salamu, na kusema shida yako bila matusi.

MAPATANO YA KIJIJI

Haya, sasa tufanye kazi. Mapatano mazuri ya king'ora yanajibu maswali sita. Yaandikeni, msiyaache mdomoni. Maneno ya mdomoni husahaulika, na kila mtu huyakumbuka kwa faida yake.

1. Nani anapiga? Wachaguliwe watu wawili au watatu wanaokaa karibu na king'ora. Watoto wasikiguse.

2. Kinapigwa kwa jambo gani? Kwa hatari ya maisha tu: moto, maporomoko, mafuriko. Mkutano uitwe kwa njia nyingine. Ng'ombe aliyepotea atafutwe kwa njia nyingine.

3. Kinaliaje? Kila hatari iwe na mlio wake. Kwa mfano, milio mifupi mifupi iwe moto: "Njooni na ndoo." Mlio mmoja mrefu usiokatika uwe maporomoko: "Tokeni bondeni." Mlio wa kusema hatari imekwisha nao uwepo, ili watu warudi kulala. Chagueni wenyewe, lakini mkishachagua msibadilishe ovyo.

4. Kinajaribiwa lini? Siku moja inayojulikana katika kila mwezi, mchana, saa moja ile ile. Majaribio ya usiku yakatazwe.

5. Kiko wapi? Juu, na mbali na vyumba vya kulala, zahanati na wazee wagonjwa. Mwenye nyumba iliyo karibu zaidi aulizwe kwanza kabla nguzo haijachimbiwa.

6. Kikiharibika je? Baragumu, kengele au ngoma iwe tayari. Na kila nyumba ijue namba ya simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo ni 114. Ukipiga, taja kijiji, kitongoji, na kitu kinachoonekana kwa mbali, kama shule au daraja. Usikate simu kabla hujaulizwa.

Kuna jambo la saba, nalo ni la mila njema. Majirani wa karibu na king'ora wanabeba mzigo wa kijiji kizima. Kijiji kiwakumbuke. Siku ya majaribio, mtu apite kuwaambia mapema. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa wa moyo apewe taarifa wa kwanza. Hakuna gharama hapo, ni miguu na ulimi tu.

Na wewe unayekaa mbali usimcheke anayelalamika. Useme, "Afadhali wewe, siku ya moto utasikia wa kwanza"? Hayo siyo maneno ya jirani. Jirani anayelalamika leo ndiye anayetuonyesha kwamba king'ora kinatumika vibaya. Akichoka kulalamika, ameacha kusikiliza. Na mtu aliyeacha kusikiliza, moto ukija, hana tofauti na kiziwi.

MANENO MAPYA

Baragumu – pembe ya mnyama inayopulizwa kuwaita watu.
Desibeli – kipimo cha ukubwa wa sauti.
King'ora – chombo kinachotoa sauti kali ya kutangaza hatari.
Mwangwi – sauti inayorudi baada ya kugonga mlima au ukuta.
Sheria ndogo – sheria inayotungwa na kijiji au wilaya kwa ajili ya eneo lake.
Tahadhari – habari inayotolewa mapema ili watu wajiweke tayari.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Yule mama alisema siku ya moto atajifunika blanketi alale. Alikuwa na maana gani?
2. Kwa nini spika husikika mbali zaidi usiku uliotulia kuliko mchana?
3. Bonde la mto Ahr lilikosa nini? Mji wa Lahaina ulikosa nini? Eleza tofauti.
4. Kijijini kwenu watu wakisikia yowe usiku, wanajuaje kama ni moto, mwizi au msiba?

HESABU

1. Baragumu limepigwa ng'ambo ya bonde, umbali wa mita 1,020. Sauti itachukua sekunde ngapi kukufikia?
2. King'ora kina desibeli 82 kwa mtu aliye mita 80. Mtu aliye mita 160 atasikia desibeli ngapi?

(Majibu: 1. Sekunde 3. 2. Desibeli 76.)

KAZI YA KUANDIKA

Chukua daftari. Andika mapatano ya king'ora, kengele au baragumu la kitongoji chako. Jibu yale maswali sita, kila swali kwa sentensi moja au mbili. Ukimaliza, mpelekee mwenyekiti wa kitongoji, aulize kama yanaweza kusomwa katika mkutano ujao. Kisha nenda kwa mwenye nyumba iliyo karibu zaidi na king'ora, umsomee yeye kwanza. Kama ana neno la kuongeza, liandike.

Kazi njema, na usiku mwema.